npm install ikigoma: soma neno moja kwanza kabla ya kufuta au kulazimisha

Mradi umefunguliwa, amri ya `npm install` imeandikwa, na baada ya dakika chache skrini inajaa maandishi mekundu. Kwa anayejifunza JavaScript, hapo ndipo siku huharibika. Wengi hufanya kitu kilekile: wananakili amri ya kwanza wanayoikuta mtandaoni, mara nyingi yenye neno `--force`, au wanafuta kila kitu na kuanza upya.

Wakati mwingine inakubali. Lakini gharama ipo. Bando linaisha, kosa linajificha na kurudi siku ya kukabidhi kazi kwa mteja, na mara nyingine kodi ya wezi inaingia kwenye kompyuta bila mwenyewe kujua.

Habari njema ni kwamba katika yale maandishi yote mekundu, neno moja tu hueleza sehemu kubwa ya tatizo. Anayelijua neno hilo hahitaji kubahatisha.

Amri hii inafanya nini hasa

Node.js ilitambulishwa na Ryan Dahl mwaka 2009. Mwaka uliofuata, Isaac Z. Schlueter akatoa npm, chombo cha kuleta pakeji. Pakeji ni kodi iliyoandikwa na mtu mwingine na kuwekwa kwenye ghala la mtandaoni ili wengine waitumie. Tangu mwaka 2020 npm iko mikononi mwa GitHub, kampuni iliyo chini ya Microsoft.

Mtu akiandika `npm install`, npm inasoma faili la `package.json` lenye orodha ya pakeji za mradi. Kisha inaangalia kila pakeji inategemea pakeji gani nyingine, na hizo nazo zinategemea zipi. Zote zinashushwa kwenye folda ya `node_modules`. Ndiyo maana mradi wenye pakeji kumi kwenye orodha unaweza kushusha mamia.

Kwa hiyo kosa linaweza kutoka kwenye pakeji ambayo mwenye mradi hajawahi kuisikia. Machi 2016 dunia iliona hilo. Pakeji ndogo ya left-pad, yenye mistari 11 tu ya kodi, iliondolewa ghalani na mwandishi wake baada ya mzozo kuhusu jina la pakeji nyingine. Miradi mingi ikagoma kusakinishwa, ikiwemo iliyotumia Babel, kwa sababu mahali fulani ndani kabisa left-pad ilikuwa inahitajika. npm ililazimika kuirudisha, kisha ikabana sheria za kuondoa pakeji.

Neno lenyewe liko wapi

Kwenye maandishi ya kosa kuna mstari unaoanza na `npm error code`. Kwenye matoleo ya zamani ni `npm ERR! code`. Neno linalofuata ndilo la kushika: ERESOLVE, ENOENT, EACCES, E404 na kadhalika. Ni kama jina la ugonjwa kwenye cheti cha daktari.

Mistari inayoanza na `npm warn` ni onyo tu, si kosa. Onyo la `deprecated` lina maana kwamba pakeji fulani haitunzwi tena au imepitwa na wakati. Wengi hupoteza saa nzima wakipambana na maonyo hayo huku kosa la kweli limekaa chini yake, halijasomwa.

ENOENT: folda siyo yenyewe

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na wanaoanza hukutana nalo sana. npm inasema haioni `package.json`. Mara nyingi teminali imefunguliwa kwenye folda ya nje, wakati mradi uko folda moja ndani.

Dawa ni kuandika `ls`, au `dir` kwa Windows, na kuona kama faili lipo. Kama halipo, `cd` na jina la folda ya mradi humaliza kazi.

Ndugu yake ni EJSONPARSE. Hapa faili lipo ila limeandikwa vibaya: koma imezidi, alama ya nukuu haijafungwa, au alama za `<<<<<<<` zimebaki baada ya Git kushindwa kuunganisha kazi za watu wawili.

ETIMEDOUT, ECONNRESET, ENOTFOUND: mtandao

Anayefanya kazi kwa hotspoti ya simu anazijua hizi hata kama hajui majina yake. ETIMEDOUT ni kusubiri hadi muda ukaisha. ECONNRESET ni kukatwa katikati. ENOTFOUND ni kompyuta kushindwa kujua anwani ya ghala, mara nyingi kwa sababu hakuna intaneti kabisa.

Amri ya `npm ping` inaonyesha kama ghala linafikika. Likijibu, kinachotakiwa ni kurudia `npm install`.

Hapa kuna jambo la kuokoa hela. npm huweka nakala ya kila inachoshusha kwenye hifadhi yake ya muda ndani ya kompyuta. Ukikatika mtandao nusu ya safari, zilizokwisha kushuka hazipotei. Ushauri maarufu wa kuandika `npm cache clean --force` unafuta nakala hizo zote, na bando linaanza kulika upya. Kwa tatizo la mtandao, amri hiyo haisaidii chochote.

Kwa aliye na bando dogo, kuna nyongeza ya `--prefer-offline`. Inaiambia npm itumie kwanza nakala zilizopo na iende mtandaoni kwa zile zinazokosekana tu.

Ofisini au chuoni, sababu inaweza kuwa proksi. Laptopu iliyowahi kuwekewa proksi ya kazini itagoma nyumbani. `npm config get proxy` na `npm config get https-proxy` zinaonyesha kama mipangilio ya zamani bado ipo, na `npm config delete` pamoja na jina la mpangilio huuondoa.

EACCES na EPERM: kompyuta imekataa

EACCES huonekana sana kwenye Linux na Mac mtu anaposakinisha pakeji ya kutumika kompyuta nzima kwa `-g`. Kompyuta inasema: folda hii si yako.

Wengi hujibu kwa `sudo`. Inapita, lakini inaacha deni. Mafaili mengine yanabaki kuwa mali ya msimamizi wa kompyuta, na kesho hata `npm install` ya kawaida inaweza kugoma. Tena, kodi ya watu wasiojulikana inakuwa imepewa nguvu kubwa bila sababu.

Njia inayopendekezwa na npm wenyewe ni kusakinisha Node kwa kutumia chombo cha kusimamia matoleo, mfano nvm. Hapo kila kitu kinakaa kwenye folda ya mtumiaji na `sudo` haihitajiki.

Kwenye Windows, EPERM au EBUSY mara nyingi ina maana faili linatumiwa na programu nyingine. Inaweza kuwa seva ya mradi iliyoachwa ikiendelea, kihariri cha kodi, antivirusi, au OneDrive inayojaribu kupandisha `node_modules` mtandaoni. Kufunga programu hizo na kuhamishia mradi nje ya folda ya OneDrive husaidia.

Windows ina kingine: PowerShell ikisema haiwezi kufungua `npm.ps1` kwa kuwa kuendesha skripti kumezuiwa. Hilo si kosa la npm. Njia fupi ni kufungua Command Prompt na kuandika amri ileile.

ERESOLVE: pakeji mbili hazielewani

Hili ndilo linalotesa watu zaidi, na ndilo linalolazimishwa zaidi. Lilianza kusumbua sana baada ya npm 7 kutoka Oktoba 2020. Tangu hapo npm husakinisha yenyewe pakeji ambazo pakeji nyingine inazitaka ziwe pembeni yake, na hukataa kuendelea ikiona matakwa yanagongana.

Mfano halisi ni react-beautiful-dnd, pakeji ya kuburuta vitu kwenye skrini iliyotengenezwa Atlassian. Toleo lake la 13.1.1 linakubali React 16, 17 na 18. React 19 ilitoka Desemba 2024. Kijana akianza mradi mpya leo kwa React 19, halafu akafuata somo la miaka ya nyuma linalotumia pakeji hiyo, atakutana na maandishi ya aina hii:

`npm error code ERESOLVE`
`npm error Found: react@19`
`npm error peer react@"^16.8.5 || ^17.0.0 || ^18.0.0" from react-beautiful-dnd@13.1.1`

Yakisomwa taratibu yanaeleweka. `Found` ni kilichopo: React 19. `peer` ni kinachotakiwa na pakeji: 16, 17 au 18. Alama ya `^` mbele ya 18.0.0 ina maana toleo lolote kuanzia hapo, mradi lisivuke kwenda 19.

Kwa hiyo kuna njia tatu za kweli:

1. Kutafuta toleo jipya la pakeji linalokubali React iliyopo. `npm view` pamoja na jina la pakeji na neno `peerDependencies` inaonyesha matakwa yake bila kushusha chochote.
2. Kubadili pakeji. Ile ya Atlassian haitunzwi tena, lakini wengine waliendeleza nakala yake kwa jina @hello-pangea/dnd.
3. Kurudisha React kwenye toleo la 18, kama mradi hauhitaji mambo mapya ya 19.

Nyongeza ya `--legacy-peer-deps` inaiambia npm ipuuze matakwa hayo, kama ilivyokuwa enzi za npm 6. Usakinishaji utapita. Lakini pakeji bado haijajaribiwa na React hiyo, na kosa linaweza kuibuka kwenye simu ya mteja badala ya kwenye teminali. Nyongeza hiyo ni ya dharura, na anayeitumia ajue ameahirisha nini.

Kelele za gyp: kompyuta inaombwa kujenga

Mistari yenye `gyp ERR!` ina maana kuna pakeji iliyo na kodi ya C++ inayotakiwa kujengwa papo hapo kwenye kompyuta. Ujenzi huo unahitaji Python na vifaa vya C++, ambavyo kompyuta nyingi hazina.

Mshukiwa wa kila siku kwenye miradi ya zamani ni node-sass. Kila toleo lake lilifungwa na matoleo fulani ya Node, kwa hiyo Node ikisonga mbele, linagoma. Nayo imeachwa. Badala ya kusakinisha vifaa vizito vya C++, mara nyingi inatosha kuiondoa na kuweka pakeji ya `sass`, isiyohitaji kujengwa.

Onyo la EBADENGINE ni la ukoo huohuo: pakeji inataka toleo tofauti la Node na lililopo. `node -v` inaonyesha lililopo. Mwenye nvm anabadilisha kwa amri moja.

E404: jina halipo, na hapa tahadhari

E404 ni ghala kusema pakeji haipo. Sababu ya kawaida ni herufi iliyokosewa, au pakeji ya siri ya kampuni inayohitaji kuingia kwa akaunti.

Lakini jina lililokosewa linaweza pia *kukubali*, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2017 iligunduliwa pakeji ya crossenv, iliyoigiza jina la pakeji halali ya cross-env. Tofauti ilikuwa kistari tu. Aliyeisakinisha kwa kukosea alikuwa anatuma siri za kompyuta yake kwa mtu asiyemjua.

Siku hizi kuna mtego mwingine: programu za akili bandia zinaweza kutaja pakeji ambayo haipo, na mjanja akaisajili jina hilo baadaye. Kabla ya kusakinisha jina geni, ni vizuri kuangalia ukurasa wake kwenye ghala: ina muda gani, nani anaitunza, na kodi yake iko wapi.

EINTEGRITY: mzigo haufanani na hati

Faili la `package-lock.json` huandika toleo kamili la kila pakeji pamoja na alama yake ya utambulisho. Kilichoshuka kisipolingana na alama, npm inakataa. Kwa kawaida ni mzigo ulioharibika njiani au kwenye hifadhi ya muda. `npm cache verify` hukagua hifadhi hiyo na kutupa vilivyoharibika, kisha usakinishaji unarudiwa.

Kufuta alama hizo kwa mkono ili kosa liondoke ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu ameuliza kitambulisho.

Kwa nini faili la lock halifutwi hovyo

Ushauri unaozunguka sana ni kufuta `node_modules` pamoja na `package-lock.json`, kisha kusakinisha upya. La kwanza halina shida, kwani folda hiyo inajengeka tena. La pili ni jambo lingine kabisa.

Bila faili la lock, npm inachagua upya toleo jipya linaloruhusiwa la kila pakeji. Mradi uliofanya kazi jana unaweza kuamka leo na pakeji mamia zilizobadilika.

Na si kila toleo jipya ni salama. Septemba 2025, wezi walimlaghai mtunzaji wa pakeji maarufu kwa barua pepe ya uongo na kuingiza kodi ya wizi kwenye pakeji kama chalk na debug, ikilenga pochi za sarafu za kidijitali. Matoleo hayo yalikaa ghalani saa chache tu kabla ya kuondolewa. Mwezi huohuo, mdudu aliyeitwa Shai-Hulud alisambaa kwenye mamia ya pakeji akiiba funguo za siri za wasanidi na kuzitumia kujisambaza zaidi.

Aliyekuwa na faili la lock la zamani na akatumia `npm ci` alikuwa anapata matoleo yaleyale ya awali. Amri hiyo hufuta `node_modules` yenyewe na kusakinisha kilichoandikwa kwenye lock, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa mradi uliotoka Git, ndiyo amri ya kuanza nayo.

Ikumbukwe pia kwamba pakeji inaweza kuendesha skripti zake wakati wa kusakinishwa, hata kabla ya mradi kuwashwa. Nyongeza ya `--ignore-scripts` huzuia hilo. Baadhi ya pakeji zinazojengwa kwenye kompyuta hazitakamilika nayo, lakini kwa kukagua mradi usiojulikana inafaa.

Kwa wanaojifunza kwa simu

Wapo wasio na laptopu wanaotumia Termux kwenye Android. Huko, mradi ukiwekwa kwenye hifadhi ya kawaida ya simu, yaani `/sdcard`, `npm install` inaweza kugoma na EACCES hata kama ruhusa zote zimetolewa. Sababu ni kwamba hifadhi hiyo haikubali viungo vya mafaili ambavyo npm huviunda ndani ya `node_modules`.

Dawa ni kuhamishia mradi kwenye folda ya nyumbani ya Termux, inayofikiwa kwa `cd ~`. Ikishindikana, `npm install --no-bin-links` inaiambia npm isiunde viungo hivyo, ingawa baadhi ya amri za mradi hazitapatikana kirahisi.

Nafasi nayo ihesabiwe. ENOSPC kwa kawaida ina maana hifadhi imejaa, na folda za `node_modules` za miradi ya zamani ndizo za kwanza kufutwa.

Kabla ya kuomba msaada kwenye grupu

Picha ya skrini iliyokatwa nusu haimsaidii anayetaka kusaidia. Vitu vinne vinatosha:

- Jibu la `node -v` na la `npm -v`.
- Mstari wa `code` na mistari michache inayoufuata, kama maandishi na si picha.
- Aina ya kompyuta: Windows, Mac, Linux au Termux.
- Kilichobadilika tangu mara ya mwisho mradi ulipofanya kazi.

npm pia huandika kumbukumbu kamili ya kila jaribio, na mwisho wa kosa hutaja faili hilo liko wapi. Linafaa kusomwa, lakini lisitumwe hadharani kabla ya kukaguliwa, maana linaweza kubeba majina ya folda na anwani za ndani za kazini. Faili la `.npmrc` ndilo lisitumwe kabisa kama lina ufunguo wa akaunti. Aliyekwisha kulituma kwa bahati mbaya asiishie kufuta ujumbe: aingie kwenye akaunti yake ya npm, aufute ufunguo huo na kutengeneza mwingine.